Nondo wa Bomba Linalovuja

Mama Fyekeo alikata nyasi za kituo cha kusukuma maji kwa miaka kumi na tisa, na kwa kazi hiyo akawalea mabinti wawili baada ya mumewe kufariki. Kuamini watu aliacha zamani. Mtu mmoja mwenye kamba ya kupimia alimwambia, "Naangalia tu, mama," na mwezi uliofuata bustani yake ya mboga ikazungushiwa ukuta. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Kwa hiyo asubuhi moja, dada mmoja mwenye miwani aliposema langoni, "Natafuta nondo," Mama Fyekeo alimkonyeza shemeji yake, mlinzi. Nyuma ya tangi kulikuwa na lundo la nondo za kujengea.

Mgeni akatoa kibali chenye muhuri. Mlinzi akafungua.

"Muhuri hata mwizi anachonga," Mama Fyekeo alinong'ona, akamfuata.

Mgeni aliyapita yale machuma bila kuyatazama, akapiga magoti kwenye tope la bomba linalovuja, akaanza kupasua mabua ya magugu kwa wembe. Shaka ikazidi. Mwizi wa chuma anaeleweka. Wa magugu ana lake jambo.

"Mwanangu, unaiba dawa?"

"Nondo, mama. Mdudu." Ndani ya bua mlikuwa na kiwavi mwembamba kama uzi. "Akikomaa hazidi punje ya mchele. Anakula gugu hili tu, nalo halitaki pakavu. Tulidhani wameisha."

"Huyo wa kijivu, ana mstari kama shaba? Mbona namjua! Hutokea kwenye kitundu hiki shinani, mabawa yamejikunja, akangoja jua."

Mgeni alitazama fyekeo mkononi mwa mama. "Na kwa nini hujawahi kufyeka hapa?"

"Mawe. Yanaua makali." Papo hapo akajuta. Je, kama ametumwa na meneja kuchunguza uvivu wake?

Wiki iliyofuata mafundi wakaja kuziba bomba. Mama Fyekeo akasimama mbele yao. "Hamzibi mpaka yule dada aje."

"Mama, unalinda uvujaji?" fundi alicheka.

Meneja aliitwa, yule dada mtafiti akaitwa, wakabishana hadi adhuhuri. Bomba likazibwa, lakini pakawekwa koki ndogo ya kuilowesha kona ile, na ufunguo wake akaudai Mama Fyekeo.

Mtafiti hurudi kila mwaka nondo wanaporuka. Mama humkaribisha vizuri, humwita mwanangu. Akishaondoka, huenda kuhesabu mabua.