Gemu Kwenye Kikapu cha Mama Mkwe

Maroa hakuwahi kuchezea gemu yake mchezo wowote. Aliinunua kwa kijana aliyekuwa akihama Migori mjini, kijiti cha upande wa kushoto kikiwa kimekwama, na gemu ya mkononi isiyo na kijiti haikimbizi gari wala haipigi mpira. Lakini kioo chake kilikuwa kizima, upana wa viganja viwili, na betri ilidumu saa tatu. Akaipeleka kwenye duka la muvi, akajaziwa memori kadi, na tangu siku hiyo ikawa sinema ya mtu mmoja.

Kazi yake ni kwenye krasha, mashine inayosaga mawe ya dhahabu nje ya mji. Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni hujaza mawe na kuchota unga wake, na anayetaka kumwambia kitu lazima ampigie kelele sikioni. Jioni akishaoga na kula, alikuwa akilala chali, akachomeka hedifoni masikioni na kuinua gemu mbele ya uso. Kwa saa moja hakuna aliyemwamuru. Mkewe, Dorine, alijua kwamba saa hiyo mume wake hasemeshwi. Hata binti yao Liz, mwenye miaka mitano, alijua.

Mwezi wa tatu, mama yake Dorine aliteleza kwenye soko la Rangwe akivuka mtaro na gunia la njugu kichwani, akavunjika mguu chini ya goti. Anaitwa Helen. Ni mjane, Msabato, na amemchukia Maroa kwa miaka mitatu bila kupumzika. Sababu haifichiki. Siku ya mazishi ya mumewe, wakwe wengine walifika na ng'ombe. Maroa alifika saa nane mchana na kreti mbili za soda. Helen alizipokea, akaamuru ziwekwe nyuma ya jiko, na soda hizo zikanywewa na waliochimba kaburi.

Sasa hakuwa na mtu wa kumtekea maji, na mguu ulihitaji kliniki kila baada ya wiki mbili. Dorine akamleta Migori.

Kwa Wajaluo, watu wa Helen, na kwa Wakuria, watu wa Maroa, mwanamume na mama wa mkewe hukaa mbalimbali. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawalali nyumba moja, na mwanamume halitaji jina la mama mkwe wake hata akiulizwa na askari. Kwa hiyo Helen hakuingia kwa Maroa. Kwenye ploti yao ya vyumba vya kupanga, chumba cha pili, kinachopakana na chao, kilikuwa kitupu, Dorine akakikodi.

"Lakini paa ni moja, Mama Liz," alisema Bosibori, mwangalizi wa ploti, akiwatazama wakimshusha Helen na magongo yake. "Hayo mabati yameanzia kwangu yakaishia chooni."

"Mlango ni mbili," Dorine akamjibu.

"Sawa. Mlango ni mbili."

Kuta za ploti ile hazifiki kwenye mabati. Mtu akikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha nne humwambia pole.

Jumapili ya kwanza Maroa alifanya inavyopasa. Alinunua sukari, mafuta ya kupikia, sabuni ya mche na mkate, Dorine akavipanga kwenye kikapu cha kumpelekea mama. Akiwa bado ameinama juu ya kikapu, akasema, "Baba Liz, mama anashinda akiangalia ukuta. Si ungempa hiyo gemu kidogo?"

"Kidogo ni siku ngapi?"

"Hata leo tu."

Maroa akampa. Hedifoni zilikuwa kwenye koti la kazi na hakuna aliyezikumbuka. Dorine akailaza gemu juu ya sukari, akafunika kikapu kwa leso, akakibeba kwa mikono miwili kama kinavyobebwa kikapu cha mkwe. Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na halikuwa la mtu mmoja. Dorine alikuwa na haraka. Maroa alikuwa amesimama mlangoni, akaona leso ikifunika kila kitu, na kwa dakika moja akajisikia mkwe mwema. Hakusema kwamba ni ya kuazima.

Jumatatu jioni alimtuma mkewe akairudishe. Dorine alirudi mikono mitupu.

"Anasema ameshukuru."

"Ameshukuru nini?"

"Zawadi."

"Zawadi gani? Mwambie ilikuwa ya kuazima."

"Iliingia na kikapu, Baba Liz. Nitaanzaje kutoa kitu kwa kikapu cha mama? Nimuulize na sukari?"

"Wewe ndiye uliiweka."

"Na wewe ulikuwa umesimama hapo."

Helen hakuwa mjinga. Ameuza njugu Rangwe kwa miaka thelathini, anajua kuonja ni nini na kununua ni nini. Alijua kabisa kwamba mwanamume yule hangempa hata kijiko bila kutumwa. Lakini kilichoingia kwa mama mkwe ndani ya kikapu ni chake, na mkwe akikidai amejitukana mwenyewe. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, mila ilikuwa upande wake, na aliikalia kama kiti.

Ile memori kadi ilikuwa na mfululizo wa Kituruki uliotiwa sauti za Kiswahili, habari za ndugu watatu wanaogombania kiwanda cha mazulia. Sehemu zilikuwa arobaini. Maroa alikuwa ameishia ya kumi na nane. Katika sehemu hiyo kiwanda kilikuwa kimeteketea, na aliyekichoma hakujulikana.

Helen alianza ya kwanza Jumatatu. Kwa kuwa hedifoni hakuwa nazo, sauti ilipanda juu ya ukuta na kumshukia Maroa kitandani. Alizisikia tena zile sehemu alizozijua, moja baada ya nyingine, na katikati yake kicheko cha Helen, au Helen akimlaani mtu kwa Kijaluo. Mwanzoni alivumilia. Kisha akahesabu, akaona kwamba baada ya siku tano atapitwa.

Akabuni njia. Ijumaa jua likizama Sabato huanza, na Helen hatazami muvi mpaka jua la Jumamosi lizame. Kwa nini chombo kilale bure?

"Mwambie aniazime Jumamosi tu," alimwambia Dorine. "Atarudishiwa jioni."

Dorine alienda, akakaa, akarudi. Alikuwa akijizuia kucheka, na Maroa aliona.

"Anasema siku ya Sabato mzigo haubebwi."

"Nitabeba mimi."

"Anasema hata wa kukupatia pia amebeba."

Wiki ya pili Maroa alinunua redio ndogo nyekundu, yenye tochi na mahali pa kuweka flashi. Aliituma kwa kikapu, na maneno juu yake: mama apumzishe macho, asikilize mahubiri, na ile nyingine irudi. Helen aliipokea redio. Alishukuru. Asubuhi iliyofuata mahubiri yalianza saa kumi na mbili, na jioni kiwanda cha mazulia kikaendelea kama kawaida. Sasa alikuwa na vyote viwili.

"Wewe mkarimu sana," Bosibori alimwambia Maroa kwenye mfereji. "Wakwe wengine wangechoka."

Maroa alijaza ndoo, akaondoka nayo.

Wiki ya tatu, nyumbani alianza kukaa nje hadi giza liingie, ili asisikie. Kwenye krasha aliwahi kumsukuma mtu kwa sababu ya koleo. Dorine alimwona, na alijua dawa, lakini dawa ilikuwa kumwaibisha mama yake. "Wiki nne tu zimebaki za plasta," alimwambia. "Akitolewa anaenda, na hiyo kitu nitamwomba mimi mwenyewe tukiwa kwa gari. Vumilia, Baba Liz. Usifanye kitu cha kuongelewa."

Alikubali. Alisema wiki nne si miaka.

Alhamisi ya wiki ya nne mvua ilinyesha na krasha ikafungwa mapema. Maroa alikuwa ameketi kwake akinywa uji. Upande wa pili Dorine alikuwa akimkanda mama yake bega. Mama na binti huongea Kijaluo, siku zote, hata wakigombana. Maroa alisikia Kijaluo chao kikienda na kurudi, akasikia jina lake, akasikia Dorine akisema neno la kunyamazisha. Kisha Helen akapandisha sauti, na alichosema alikisema kwa Kiswahili, polepole, kila neno mahali pake.

"Kumbe aliyechoma kiwanda ni yule ndugu mdogo. Yule mpole. Alikichoma ili alaumiwe mkwe."

Hakuna aliyemwuliza.

Maroa aliweka kikombe chini. Alitoka, akapita kwenye baraza hatua sita, akasimama mbele ya dirisha lenye pazia. Hakupiga kelele. Wote waliokuwepo wanakubaliana kwamba hakupiga kelele.

"Helen," alisema. "Lete gemu yangu."

Bosibori alikuwa mferejini akisugua sufuria. Alifunga maji. Chumba cha nne mtu alizima redio. Ndani, Waturuki waliendelea kubishana kidogo, kisha nao wakakatika.

Mkono ulitoka chini ya pazia. Uliweka gemu juu ya dirisha, na juu ya gemu ukaweka chaja, waya ukiwa umekunjwa vizuri na kufungwa kwa uzi. Mkono ukarudi. Kisha Maroa akamsikia akisema na binti yake kwa Kijaluo, sauti ya chini, na neno alilolielewa lilikuwa Rangwe tu.

Dorine aliingia kwake baada ya saa nzima. Alitoa begi chini ya kitanda na kuanza kukunja nguo za Liz.

"Alikuwa amechukua kitu changu," Maroa alisema.

"Umemwita mama yangu kama mtu wa krasha."

"Mwezi mzima, Mama Liz. Mwezi mzima ananicheka juu ya ukuta."

"Gemu ningekutafutia ingine." Alifunga zipu ya begi. "Hilo jina nitalirudisha na nini?"

Waliondoka asubuhi, Dorine akishika gongo moja na begi, Liz akibeba redio. Plasta ilikuwa bado ina wiki tatu. Kutoka Rangwe hakuna aliyempeleka Helen kliniki ya Migori, na kwingine alikataa kuanza upya. Mfupa uliunga vibaya. Leo anatembea akiuburuta mguu ule, na akiulizwa sokoni aliumiaje, hasemi ni mtaro.

Maroa alimaliza mfululizo kwa siku nne. Ndugu mdogo kweli ndiye aliyechoma.

Mwezi wa sita alimwita kaka yake mkubwa, Mwikwabe, mtu wa shamba la tumbaku, mpole, anayejua kukaa na wazee. Mwikwabe alienda Rangwe akiwa amevaa koti. Alirudi Jumapili jioni, akamkuta ndugu yake kitandani, hedifoni zikiwa shingoni, sufuria mbili chafu chini ya meza.

"Walinipokea vizuri," alisema Mwikwabe. "Nilipewa kuku."

"Akasema nini?"

"Yule mama anasema hana neno na wewe. Uende na wazee wawili, usimame uani mbele ya watu wa lile boma, useme ulichofanya, uombe msamaha. Hataki ng'ombe. Hataki kitu."

"Hiyo tu?"

"Useme ulichofanya chote. Ulisimama wapi, na ulimwita nani. Wasikie wote."

Maroa alikaa. "Nikisema hivyo si nitakuwa nimemwita tena? Mbele ya wazee?"

"Nilimwambia."

"Akasema?"

"Akasema aliyeweza kwa dirisha hatashindwa uani."

Maroa alitazama miguu yake. Unga wa mawe ulikuwa bado kwenye kucha. "Na Dorine?"

"Dorine alileta chai."

"Alisema nini?"

"Nimekuambia. Alileta chai, akarudi ndani. Mtoto aliniuliza kama wewe unaumwa."

Mwikwabe alinywa maji, akatazama saa yake. Alikuwa bado na safari ya kurudi Kuria na giza lilikuwa karibu.

"Waambie sikumbuki nilisema nini," alisema Maroa.

"Hukumbuki?"

"Nilikuwa na hasira. Jina sikumbuki."

Mwikwabe aliinuka na kufunga vifungo vya koti, kimoja kimoja.

"Hiyo," alisema, "utapeleka mwenyewe."