Makofi ya Getini

Nilimwonea wivu mwalimu mwenzangu kabla hajamaliza hata wiki ya kwanza, na kilichoanza kuniuma, niseme wazi, ni makofi.

Hapa Kibondo mama wa Kiha akikuheshimu hakupi mkono haraka haraka. Anainama, anapiga viganja taratibu, anakuuliza habari za kuamka, za nyumbani, za kazi, na wewe unapiga vyako ukimjibu mpaka mridhike wote wawili. Mimi ni mtu wa Lushoto. Nilikuwa nimefundisha darasa la kwanza katika shule ile miaka kumi na moja, na wazazi walinipa "shikamoo mwalimu" kavu, wakapita zao. Kisha akaja yule binti kutoka Kasulu, Muha kama wao, ametoka chuoni juzi tu, akapewa mkondo B. Asubuhi ya pili nikamkuta getini ameinama na bibi mmoja, wanapigiana makofi na kucheka. Nikapita pembeni yao na mkoba wangu. Hakuna aliyegeuka.

"Wewe unajipendekeza kwa wazazi," nilimwambia ofisini, nikitabasamu ili uonekane utani.

"Hapana dada, ndivyo tulivyolelewa," akasema, akanimiminia chai. Hata chai yake ilinikera, kwa sababu ilikuwa nzuri.

Likaja juma la elimu. Kuta zilipakwa chokaa, watoto wakakusanya vizibo vya soda vya kuhesabia, kwaya ya darasa la sita ikaimba mpaka sauti zikakauka. Jumatatu mwalimu mkuu alitutangazia kwamba mwakani mikondo yetu miwili itaunganishwa na darasa la kwanza litabaki na mwalimu mmoja. Ijumaa, siku ya kilele, mimi na yule binti tungetoa kila mmoja mtoto wa kusoma mbele ya wageni. Hakusema kwamba mambo hayo mawili yanahusiana. Hakuwa na haja ya kusema.

Darasa la kwanza ndilo lililonifanya mtu katika mji huu. Vijana wa bodaboda pale stendi hunisalimia kwa sababu nilivishika vidole vyao walipoandika herufi ya kwanza. Ukinitoa hapo, nabaki mgeni tu kutoka Tanga.

Jumanne nilichungulia dirishani kwake. Mtoto alikwama kwenye neno, yule binti akamnong'oneza kwa Kiha, mtoto akacheka, akasoma. Miaka kumi na moja nimekaa na Waha, na Kiha changu hakitoshi kununua mkungu wa ndizi. Roho iliniuma hasa. Nikarudi darasani kwangu nikafanya jambo ambalo mwalimu mwenye akili timamu hafanyi: nikamchagua msichana mwenye sauti kubwa kuliko wote, nikamkaririsha ukurasa mmoja wa kitabu, ule wenye picha ya mbuzi. Asubuhi ukurasa huo, mchana ukurasa huo. Nilimwachia saa ya uji tu, apumzike.

Ijumaa uwanja ulijaa. Mtoto wa mkondo B alisoma kwanza, polepole, bila kosa, wazazi wakashangilia. Nikasema moyoni, subirini. Msichana wangu akasimama, akafungua kitabu.

"Mbuzi wa mama amekula majani ya maharage!"

Akaendelea hivyo mpaka mwisho wa ukurasa, bila kumeza mate. Nilimtupia mwenzangu jicho, nikaona anapiga makofi kwa furaha, nikakasirika kwa kuwa hakukasirika. Hapo ndipo mgeni wetu, ofisa wa elimu, alipokichukua kitabu kwa kupendezwa, akakipekua na kumrudishia.

"Na huu, mwanangu?"

Ulikuwa ukurasa wenye picha ya baiskeli. Mtoto aliutazama, akanitazama mimi, akapaza sauti: "Mbuzi wa mama..."

Uwanja mzima ulicheka. Mwalimu mkuu aliangalia viatu vyake.

Yule binti akatoka kwenye kiti chake, akachuchumaa kando ya mtoto, akamwambia maneno machache kwa Kiha. Mtoto akaitikia, "Ego," yaani ndiyo. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza. "Ba-ba. Baba. A-na. Ana. Ba-i-si-ke-li." Akarudisha kidole mwanzo, akasoma tena bila kukata: "Baba ana baiskeli." Akaendelea na mstari wa pili, na wa tatu. Watu waliacha kucheka. Mimi nilisimama pale nikijiuliza mtoto wangu amejifunzia wapi kusoma.

Kabla wageni hawajaenda kula, mwalimu mkuu alisimama akasema darasa la kwanza mwakani ni langu, maana mtoto aliyesoma ukurasa asioutarajia amefundishwa kweli. Mwenzangu atahamia la tatu. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunikumbatia.

"Hongera dada," akasema, akaenda kuwapakulia watoto pilau.

Nilikuwa nikielekea getini peke yangu aliponifuata mama wa yule msichana, kuku kwapani, msichana mwenyewe ameshika kanga ya mama yake. Alimweka kuku chini, amefungwa miguu, akainama, akaanza kupiga makofi.

"Mwidiwe, mwalimu. Habari za kazi? Za nyumbani?" Makofi yakaendelea. "Uyu mtoto kila siku ananiambia, mwalimu ananifundisha saa ya uji, tunakaa wawili tu. Nikikwama ananielekeza kwa Kiha. Mimi nikasema mwalimu wa namna iyi lazima nimuone kwa macho yangu. Kuku ni wako."

Saa ya uji mimi nilikuwa ofisini kila siku, nakunywa chai.

Mwenzangu alikuwa hatua chache nyuma yetu, nyuma ya masufuria. Ningeweza kumwita. Yule mtoto alinitazama, mdomo wazi kidogo, akisubiri niseme.

Nikaweka mkoba chini, nikainama, nikapiga makofi kama nilivyowaona wakipiga, taratibu, nikauliza habari za kuamka, za nyumbani, za shamba. Tulipomaliza nilimchukua kuku. Mtoto alikuwa bado ananitazama.