Kaseti ya Mama Kutoka Malesia

Nikinusa betri iliyovuja, narudi kijijini Ndalu siku tuliyomzika mama. Alikuwa akimpikia bibi mmoja Singasinga mjini Kitale, mzaliwa wa Malesia, ambaye alimpa kaseti ya nyimbo za kwao. Upande wa kwanza aliimba mzee wa sinema za zamani, wa pili vijana wa magitaa. Dada yangu alipenda vijana. Mama alimtaka mzee tu, na kabla ya kufa aliomba aimbiwe naye kaburini.

Betri za redio ya kaseti zilikuwa zimechoka na kuvuja, tukazianika juani tangu asubuhi. Baba mdogo hakutaka.

“Ati nyimbo za Wahindi? Si watu watasema tumeleta mapepo, bana!”

“Sio za Wahindi, baba. Ni za mama,” dada akasema, akawasha redio.

Mzee aliimba ubeti mmoja tu, kisha sauti ikavutika, ikawa nzito, ikanyamaza. Watu wengine walicheka.

“Shusheni sanduku,” baba mdogo akaamuru.

Dada akaendeleza wimbo pale ulipokatikia, kwa maneno ambayo hata yeye hakuyaelewa. Majembe yalipoanza kumwaga udongo, akapandisha sauti ili mama asikie.