Kopo la Mafuta Meupe

Enzi za ruksa, bidhaa za nje zilipoanza kujaa madukani, nilikuwa na duka dogo la vyakula mjini Arusha na majivuno makubwa kuliko duka lenyewe. Kila Krismasi nilipanda nyumbani Meru, juu kidogo ya Tengeru, nimebeba kopo la mafuta ya kuganda, meupe pe, ili majirani waone kwamba mtoto wa fulani amefika.

Mama alikuwa na mafuta yake. Alipanda alizeti pembeni ya migomba na kuikamua kwa kinu cha mkono, kwa zamu na akina mama wenzake wa usharika. Yalikuwa mazito kidogo, yananukia mbegu, na ndiyo tuliyokulia.

Krismasi moja wenzake hao walikuwa jikoni wakimenya ndizi. Mama akashika chupa yake aanze kukaanga vitunguu. Nikamnyang'anya.

"Mama, haya ni ya taa! Wageni wapikie ya kopo."

Wale akina mama wakacheka. Mama naye akacheka, akafungua kopo. Msimu uliofuata hakupanda alizeti. Nilipomuuliza, alisema mgongo unamsumbua, nami nikafurahi kabisa kwamba sasa wanakula kisasa. Nikawa natuma kopo kila mwezi. Baba aliyapenda mno, hata kwenye kiazi kitamu aliyapaka.

Miaka ikapita hivyo, mpaka baba akashikwa na maumivu ya kifua akiwa shambani, jasho linamtoka na mkono wa kushoto umekufa ganzi. Hospitali ikasema ni moyo. Alipopata nafuu kidogo, daktari, kijana mpole, alituketisha kando ya kitanda.

"Shikamoo mama. Nyumbani mnapikia mafuta gani?"

Mama akamweleza. Daktari akasema presha ya baba na sigara zake vimechangia, hatuwezi kuyabebesha mafuta lawama yote. Lakini mafuta yale yanayoganda huacha uchafu kwenye mishipa ya damu, mishipa inavimba kwa ndani, njia ya damu inakuwa nyembamba. Afadhali mafuta ya maji, tena kwa kiasi.

"Kama ya alizeti," akasema. "Kwenu Meru si mnakamua wenyewe?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilimsubiri mama aninyooshee kidole. Ilikuwa haki yake.

"Tulikuwa tunakamua," mama akasema. "Mimi ndiye niliyeacha, daktari. Uvivu tu. Nikayapenda yale meupe."

Daktari akamkanya, kwa heshima, lakini alimkanya. Mama akainamisha kichwa na kuitikia, "Nimesikia, baba." Mzee wangu pale kitandani hakumwangalia mama wala daktari. Aliniangalia mimi, akingoja.

Nikamuuliza daktari kama vidonge ni vya kumeza kabla au baada ya chakula.