XML ilimzuia Nanjala mwenye maziwa badala ya Nanjala mwenye kwato

Wakuu, habari za huko mliko. Haya siyo ya kusikia. Mashahidi wako Kiminini, saa hii pengine wanakunywa chai.

Mimi ni mzee wa Myanga, Bungoma. Shule niliwacha darasa la nne. Lakini cooler ya maziwa hapa Kiminini, hilo tangi la kupoza, barabara ya Kitale, ni yangu, na kuandika programu kwa Python nimejifunza kwa simu nikingoja wakulima. Wenye degree mnisome pole pole.

Kazi iko hivi. Ng'ombe akidungwa dawa, maziwa yake hayaingii tangi mpaka dawa iishe mwilini. Yakiingia, mnunuzi wa Bungoma anarudisha tangi nzima na jasho la kila mtu linamwagwa.

Kwa hivyo daktari wa mifugo kutoka Kitale hunitumia faili ya XML kila asubuhi:

<mwanachama>
  <jina>Wekesa</jina>
  <ngombe>
    <jina>Nanjala</jina>
    <dawa>ndiyo</dawa>
  </ngombe>
</mwanachama>

Wageni msishangae. Wekesa alimwoza binti yake Nanjala, akaletewa huyo ng'ombe wa mahari, akampa jina la binti. Kwetu hilo ni heshima.

Programu yangu, ndio kwanza nimeiwasha, ilitafuta wa kuzuiwa hivi:

.//*[dawa='ndiyo']/jina

Yaani, chochote chenye dawa ndani yake, nipe jina lake. Hiyo nyota niliipenda, inashika kila kitu. Jina likitoka, screen ya getini inaandika ZUIA.

Sasa tuko na mwanachama mwingine anaitwa Nanjala, siyo huyo binti wa Wekesa. Mjane, ng'ombe mmoja, hana biashara ingine.

Simiyu, karani wangu, akamsimamisha mbele ya foleni.

"Mama, maziwa yako yana dawa."

"Dawa gani? Ng'ombe wangu hajaona sindano tangu azae!"

"Kompyuta imesema."

"Basi kompyuta ije ikamue!"

Watu wakacheka. Halafu mama mmoja huko nyuma akauliza, "Ati dawa? Na si jana nimenunua kwake ya watoto?"

Hapo kicheko kikaisha. Nikaona uso wa Nanjala. Mkulima akishasemwa hivyo sokoni, nani atanunua kwake tena?

Na mimi bado nilikuwa upande wa kompyuta. Niliiandika mwenyewe, itakosea aje?

Wekesa naye akapita na mtungi wake, screen imempa PITA. "Fanyeni haraka bana," akasema, "nimewacha daktari anangoja kumdunga Nanjala tena."

Nikakimbia kwenye tangi. "Wekesa, usimwage!"

"Kwani iko nini, mzee? Si mashine yenu imenipitisha?"

Mtungi ulikuwa umeshainama juu ya tangi. Simiyu aliudaka.

Nikafungua code hapo hapo, watu wananiangalia. Dawa iko ndani ya ng'ombe, siyo ndani ya mwanachama. Nyota ikamshika ng'ombe, ikanipa jina la ng'ombe, na geti likamtafuta binadamu mwenye jina hilo.

Nikaandika:

.//ngombe[dawa='ndiyo']/../jina

Hizo nukta mbili zinapanda kutoka kwa ng'ombe mpaka kwa mwenyewe, halafu ndio unachukua jina. Wekesa, ZUIA. Nanjala, PITA.

Nikamwambia, "Mama, mashine imekosea. Mimi nimekosea. Pita."

Hakupita.

"Mzee, umenisema mbele ya watu. Sasa kunywa mbele ya watu."

Tukachemsha maziwa yake kwa kibanda cha chai hapo kando. Nikavua kofia, nikanywa kikombe chote na ulimi ukaungua. Screen ilikuwa inawaka PITA ya kijani, lakini hakuna mtu aliyeiangalia. Waliangalia kikombe.

Yule mama wa watoto ndiye alisema kwanza, "Nanjala, kesho niwekee yangu."

Nilichojifunza: kwa XML usiulize jina tu. Uliza ni jina la nani, ndani ya nani. Nyota ni tamu kuandika, lakini haijui mtu na ng'ombe.

Na kabla mnirukie, namba ya uanachama nimeshaongeza, geti halisomi jina tena. Wale wa Java na C#, nyinyi mnapandaje kwa mzazi, yaani ile tag ya juu? Na nani mwingine nyota imewahi kumuaibisha? Semeni, mimi siogopi kufundishwa.