Nilivyoposa kwa Lugha ya Kijiji Kingine

Siku niliyokwenda kuposa, nilisimama mbele ya ukoo mzima wa mchumba wangu nikapiga hotuba ya dakika saba. Bila karatasi. Bila kukwama.

Hakuna aliyeelewa hata neno.

Hata mchumba mwenyewe.

Jamani, msicheke kwanza. Kaeni niwasimulie.

Naitwa Kaltak, mtoto wa Erakor, hapa hapa Port Vila. Kazi yangu ni kupasua mbao kwenye yadi moja karibu na bandari. Mchumba wangu anaitwa Odile, nesi, na wakati huo alikuwa anafanya kazi Luganville, kisiwa kingine kabisa. Kwa hiyo mapenzi yetu yalikuwa ya simu, na lugha yetu ilikuwa Kibislama, kama watu wote wa visiwa hivi wasiotoka kijiji kimoja.

Kwao asili ni Malekula, kijiji cha Lorvek. Ila yeye kazaliwa na kukulia mjini. Lugha ya kwao anaijua ya kuombea maji tu.

Mambo yalikuwa shwari mpaka baba yake mdogo, Anatole, aliponipigia simu.

"Kijana, bibi yake Odile ametoa neno."

"Neno gani, baba?"

"Anasema mjukuu wake wa kwanza kaolewa na mtu wa Vila, watoto wanakuja likizo hawawezi hata kumwamkia. Wa pili, vilevile. Huyu wa tatu hatoki mpaka mwanamume aje mwenyewe, aombe kwa mdomo wake, kwa lugha yetu. Mkalimani hatakiwi."

"Na akishindwa?"

"Atakula laplap yetu ya viazi vikuu na tui la nazi, tutamshukuru kwa kututembelea, atarudi kwao."

Nikachoka.

Sababu mimi na lugha, dah! Shuleni nilisoma Kifaransa miaka minne. Leo hii kichwani kimebaki "funga mlango" na "penseli yangu imepotea." Basi. Ukinitupa Paris nitazunguka nafunga milango ya watu huku nalilia penseli.

Sasa pale getini kazini tulikuwa na mlinzi, Mzee Masing. Umri sabini na kitu, mjane, mpole, maneno yake kwa siku unaweza kuyahesabu kwa vidole. Nilikuwa nimesikia ni mtu wa Malekula.

Kesho yake asubuhi nikamvaa.

"Mzee, wewe si wa Malekula?"

"Damu na mifupa."

"Nifundishe lugha ya huko. Nakwenda kuposa Lorvek."

Akanitazama. Akatazama geti. Akanitazama tena.

"Una muda gani?"

"Miezi sita."

"Kila siku mkate mmoja. Tunaanza sasa hivi."

Nikajua nimepata mwalimu. Sikujua nimepata mateso.

Mzee Masing hakuwa na daftari wala ubao. Alikuwa na geti. Ukifika asubuhi hafungui. Anakuuliza swali kwa lugha yake, na wewe usipojibu kwa lugha hiyo hiyo, unabaki nje. Mvua inyeshe, jua liwake, shauri yako.

Shida ni kwamba nyuma yangu malori yalikuwa yanapanga foleni.

"Piiiiiip!"

Bosi anatoka ofisini amekunja ndita. "Kaltak! Nini tena leo?"

"Nimesahau 'juzi', bosi."

"Nini juzi?"

"Neno lenyewe, bosi. 'Juzi'."

Mwezi wa kwanza nilitamani kuacha. Neno naliingiza asubuhi, mchana halipo. Nikaandika kwa chaki kwenye kila ubao wa plaiwudi: kuku, kisu, moshi, shemeji. Siku moja mteja akaondoka na ubao wenye "mke wangu mtarajiwa", nikawa sina neno hilo wiki nzima.

Mzee akagundua dawa. Kila neno nililosahau alilipakia hadithi, na hadithi zenyewe zilikuwa za ovyo. Neno la "uzio" alinifundisha kwa kisa cha mjomba wake aliyemkimbia nguruwe dume, akaruka uzio, suruali ikabaki upande wa nguruwe. Nani atasahau hilo? "Kimulimuli" nilikisahau mara nne. Mara ya tano akanisimulia jinsi walivyokuwa wakivishika utotoni na kuvibandika kwenye paji la uso ili kumtisha katekista. Kikaganda mpaka leo.

Mwezi wa tatu madereva wakaanza kunisaidia. Mzee anauliza, mimi natumbua macho, dereva anatoa kichwa dirishani: "Sema umelala vizuri, bwana, tuna saruji huku!" Na anaisema kwa lugha ya mzee, safi kabisa. Yadi nzima ikawa darasa.

Kitu kimoja tu kilinishinda. "Sisi".

Lugha ile ina "sisi" nyingi. Kuna sisi ya mimi na wewe. Kuna sisi ya mimi na yule, wewe haumo. Kuna ya watatu. Kuna ya kundi zima. Mzee akanipigia kelele mpaka akakohoa: "Ukiniambia tunakwenda kula, na ukatumia ile ya mimi ndani, ujue na mimi nakuja! Ntakaa mezani kwako!"

"Sawa, mzee, nimeelewa."

Sikuwa nimeelewa.

Odile alikuwa ananibembeleza kwenye simu. "Hebu nisemeshe kidogo nisikie."

"Subiri siku yenyewe."

"Tutachekwa, Kaltak."

"Na nani? Mimi ni moto wa kuotea mbali."

Siku ikafika. Tukapanda kile kindege kidogo, mimi na mama yangu, Leiwia. Mama kakumbatia mikeka kumi ya kusuka mwenyewe na hataki iwekwe kwenye mizigo. Odile akatupokea uwanjani Malekula, tukapanda nyuma ya gari mpaka Lorvek.

Watu walikuwa wamejaa. Wazee upande huu, kina mama upande ule, moshi wa majiko ya mawe, nguruwe wawili wamefungwa wananiangalia kwa huruma. Katikati, juu ya mkeka, bibi mmoja mdogo wa umbo, nywele zote nyeupe, mgongo wima kama msumari.

Bibi Filomena.

Anatole akaniambia kwa Kibislama: "Haya, kijana. Uwanja ni wako."

Nikavuta pumzi. Nikaanza.

Nikawasalimu wazee. Nikawasalimu waliotangulia. Nikasema nimetoka Erakor, mama yangu huyu hapa, nimevuka bahari sijaja kutalii. Maneno yalikuwa yanatoka yenyewe, jamani! Nilijisikia nina mbawa. Nikaweka na kisa cha mjomba na uzio ili watu wacheke.

Hakuna aliyecheka.

Nikatupia macho upande wa wazee. Mmoja kaachama. Mwingine anamnong'oneza mwenzake. Anatole kakunja uso kama mtu anayesoma maandishi madogo.

Lakini ningeishia wapi? Nikapiga magoti nikamalizia lile ombi lenyewe, nililolifanyia mazoezi miezi sita: "Mimi na Odile tunaomba tuoane."

Kuku akalia mahali fulani.

Anatole akakohoa. "Kijana... hiyo ni lugha gani?"

"Si... si ya Malekula?"

"Malekula gani? Hiki kisiwa kina lugha zaidi ya ishirini!"

Mimi hoi. Odile kafunika uso kwa mikono. Mama yangu akanivuta shati: "Kaltak, mwanangu, umewaambia nini hawa watu?" Mzee mmoja akaanza kucheka, akafuata mwingine, uwanja wote ukalipuka. Kuna mama alicheka mpaka akaegemea nguruwe.

Nikasema leo nakula laplap ya kuagwa.

Ndipo nikaona Bibi Filomena hacheki na wenzake.

Ananitazama. Midomo inacheza bila sauti, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango. Watu wakaanza kunyamaza mmoja mmoja.

Halafu akasema. Taratibu, neno moja moja. Kwa lugha ile ile ya Mzee Masing.

"Kwa hiyo... na mimi... unanioa?"

Sikuamini masikio yangu.

"Bibi?"

"Umesema tuoane, ile ya mimi ndani!" Akapiga goti lake kwa kiganja. "Unaoa wawili! Mimi na mjukuu wangu!"

Na hapo bibi akaangua kicheko. Kicheko cha msichana, naapa. Alicheka mpaka machozi, halafu machozi yakaendelea na kicheko kikakata.

Anatole akamkimbilia. "Mama! Unaongea nini? Umeelewa?"

Bibi akamgeukia, sasa kwa lugha ya Lorvek, na Anatole alinitafsiria baadaye neno kwa neno.

Alikuwa amezaliwa Metavul, kijiji cha juu mlimani. Akaletwa Lorvek kuolewa akiwa na miaka kumi na saba, haelewi mtu. Mama mkwe wake alikuwa anampiga kwenye kifundo cha mkono akisema neno la kwao. Akajifunza. Metavul watu wakashuka, wakatawanyika, wakaisha. Dada yake aliolewa kijiji cha jirani, walikuwa wakikutana mtoni na kuongea. Dada akafariki. Tangu hapo, miaka thelathini na nane, lugha ile hakuisikia kwa mtu mwingine.

Wanawe walijua katoka Metavul. Ila hakuna aliyewahi kuuliza kule walikuwa wanasemaje.

Akanirudia mimi. Akanishika mkono.

"Kile kidude," akasema, "kidogo, cha kwenye majani, kinawaka, kinazima. Tulikuwa tunakibandika hapa." Akagusa paji la uso. "Tulikiitaje? Limenitoka. Limenitoka kabisa."

Nikamwambia.

Akalirudia. Akalirudia tena. Akafumba macho akalisema mara ya tatu, kama anaonja asali.

Mzee mmoja pembeni akatuharibia raha, kwa Kibislama ili nami nisikie. "Sawa, lakini sharti lilikuwa lugha yetu. Hiyo siyo yetu. Kijana kashindwa."

Wengine wakaguna kukubali.

Bibi akasimama. Hakuomba msaada wa mtu.

"Miaka sitini na moja nawasemesha kwa lugha yenu," akasema. "Nimewanyonyesha kwa lugha yenu. Nimewazika watu wenu na kulia kwa lugha yenu. Huyu hapa kaja na yangu. Sasa nani anataka kuniambia sharti ni lipi?"

Nani athubutu? Yule mzee ghafla akawa anachunguza kucha zake.

"Basi kaoaneni. Ninyi wawili." Akanitazama kwa jicho la utundu. "Mimi sitaki, una meno mabovu."

Kijiji kikapasuka kwa shangwe. Odile alinirukia mbele ya wazee, hana habari na heshima. Mama yangu alikuwa anacheza hajui hata nini kimetokea. "Tumekubaliwa? Kwani tumekubaliwa?" Mikeka ikatandikwa, nguruwe wakaaga dunia.

Ila mimi nilikuwa na jambo moja la kumaliza.

Nikapanda kilima nyuma ya kanisa, ndiko mtandao unapatikana. Nikampigia Mzee Masing.

"Mzee! Umenifundisha lugha siyo!"

"Nilijua," akasema.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile ya kwanza. Uliposema Lorvek."

Nilitaka kumtukana, na matusi yote niliyokuwa nayo yalikuwa ya kwake.

"Sasa kwa nini, mzee? Nusura nikose mke!"

"Kaltak." Sauti ikawa ndogo. "Mke wangu alipokufa, nilibaki naongea na redio. Watoto wangu hawaitaki hii lugha. Halafu unakuja wewe na mkate, unaniambia nifundishe. Kila siku nilikuwa nasema kesho nitamwambia. Kesho inafika, unasimama getini, unaniamkia kwa lugha ya mama yangu. Nikawa siwezi."

Hasira zikayeyuka zote.

Kabla sijajibu, simu ikanyakuliwa. Bibi Filomena! Kapanda kile kilima na miguu yake, anahema, Odile kamshika kiuno.

"Nani huko?" akaita kwa lugha yao. "Mtoto wa nani?"

Upande wa pili nikasikia redio ikizimwa.

Halafu mzee wangu, yule mzee wa maneno ya kuhesabu, akafunguka. Alitaja mama yake, bibi yake, mto, ukoo. Bibi anadakia: "Wale wa kwenye mawe? Wale wezi wa ndizi?" Mzee anapiga kelele: "Wezi mlikuwa ninyi!" Walizozana kuhusu ndizi zilizoibiwa kabla mimi sijazaliwa, kwa raha isiyo na mfano, mpaka betri ikaisha. Bibi akaitikisa simu, akanirudishia. "Ichaji."

Tukaoana mwezi wa nane. Mzee Masing alikuja na kindege kile kile, na ukweni akakaa siku nane badala ya tatu. Bosi alikasirika, getini hapakuwa na mtu, na madereva walisema kazi ilikosa ladha.

Na msidhani nimesalimika. Anatole anasema deni la lugha ya Lorvek liko pale pale, nami naanza upya. Odile, naye, kakaa upande wa pili wa meza anajifunza ya Metavul. Bibi anatufundisha wote wawili kwenye simu kila Jumapili baada ya misa, anachanganya lugha mbili, anatukana kwa zote.

Nilichojifunza ni hiki, na nawaachia bure. Kifaransa changu kilikufa kwa sababu hapakuwa na mtu aliyekuwa ananisubiri nikiseme. Neno hukaa kichwani pale ambapo kuna mtu wa kumpelekea.

Kama nyumbani kwenu kuna mtu mzima ambaye lugha yake huisikii ikisemwa na mwingine yeyote, nenda leo kamwombe neno moja. Moja tu.

Kesho mrudishie, umtazame usoni.

Na uliza kwanza ni wa kijiji gani.