Windows Kuukuu ya Mama Champa

Mama Champa, aliyeuza vitambaa Nakuru tangu nywele zake zikiwa nyeusi, aliandika Kigujarati kwa programu moja tu, na kompyuta yake mpya ya Windows Vista iliikataa katakata. Kesho ilikuwa Diwali, mwaka mpya wa wafanyabiashara Wagujarati, na hesabu za mwaka lazima zifunguliwe kwa lugha ya mama yake.

Wachuka, fundi wa kompyuta, akaweka Windows 98 ya zamani ndani ya Vista, kama chumba ndani ya nyumba. Programu ikafunguka katika dirisha dogo kwenye kioo.

“Haya mathe, andika,” akasema Wachuka.

“Ngoja.” Champa akachovya kidole kwenye unga mwekundu wa baraka, akapaka kioo, pale palipokaa Windows kuukuu.

“Mathe, ukisogeza hilo dirisha, baraka zitabaki kwa Vista.”

“Basi tusilisogeze, mwanangu,” akasema Champa, akaanza kuandika.